Kuifufua pikipiki kuukuu nyumbani: usifungue cha pili kabla hujafunga cha kwanza

Pikipiki ya kwanza niliyojaribu kuifufua niliiua mwenyewe. Ilikuwa Suzuki ya sisi (cc) 100, inawaka, inatembea, ila ina moshi na kutu. Jumamosi moja nikaishukia na spana sita. Kufika jioni ilikuwa vipande vipande sakafuni, nami nimejaa furaha ya mtu anayedhani amefanya kazi. Miaka miwili baadaye ilikuwa bado kwenye maboksi manne, boliti zimechanganyika, na kuna bushi moja ndogo ya shaba ambayo sikujua tena imetoka wapi. Nikaigawa kama spea.

Ya pili ni Honda CG125 ya mwaka 1982, aliyoniachia mjomba baada ya kuilaza bandani miaka tisa. Hiyo naiendesha mpaka leo. Katikati hapo sikwenda kusomea ufundi. Kazi yangu ni kufundisha hesabu, na gereji yangu ni kibaraza chenye taa moja. Nilichobadilisha ni utaratibu: sifungui sehemu ya pili mpaka ya kwanza imesafishwa, imerudishwa na imekazwa. Ukipita wakati wowote utaikuta imesimama kwa magurudumu mawili, hata kama haiwaki. Ndiyo maana katika maelezo haya rangi inakuja mwisho, ingawa najua mikono inakuwasha uanze nayo.

Ikague kabla hujashika spana

Anza na karatasi. Namba ya chasisi kwa kawaida hugongwa kwenye shingo ya fremu, na ya injini kwenye krankikesi, yaani ganda la chini la injini. Zisafishe kwa brashi laini na mafuta ya taa. Msasa na grainda visikaribie hapo, maana namba ikilika umejitafutia kesi. Kama hazifanani na za kwenye kadi, simama hapo hapo, usitoe hata senti.

Kisha izunguke na daftari uandike kinachokosekana. Mimi naogopa kilichopotea kuliko kilichovunjika. Kilichovunjika utakibeba mkononi kwenda kukitafutia mwenzake; kilichopotea utabaki kukieleza kwa ishara za vidole. Vifuniko vya pembeni, kifuniko cha tangi, ekseli, vishikio vya tanki la mafuta: kama havipo, pima kwanza kama utavipata ndipo upende.

CG125 ilinifaa kwa sababu Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga watu ambao pikipiki yao haitapata sevisi kila mara. Haina cheni ya taimingi kabisa. Kamshafti, shafti inayofungua vali, iko chini, inazungushwa kwa gia, na vali zinasukumwa na vijiti viwili virefu. Cheni ya kuvutia gurudumu imefungiwa ndani ya boksi la bati, haioni mchanga. Pikipiki ya namna hii inamsamehe mwanafunzi. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, tafuta ya silinda moja, yenye kabureta moja na inayopozwa kwa hewa. Zile za silinda nne zisubiri.

Piga picha. Piga nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika, hasa pale waya na kebo zinapopita. Kila boliti inayotoka iingie kwenye kimfuko chenye jina la ilikotoka, au bora zaidi irudi kwenye tundu lake mwenyewe mara tu unapotoa kile ilichokuwa imeshika.

Skrubu za nyota

Hapa ndipo wengi wanaharibu pikipiki za Kijapani siku ya kwanza. Skrubu za nyota zilizoko kwenye vifuniko vya injini zinafanana na za kawaida, lakini mchongo wake si ule ule. Ni za kiwango cha Kijapani, JIS, na nyingine zina kitone kidogo kichwani kuonyesha hivyo. Bisibisi ya nyota ya kawaida haifiki chini ya mchongo huo. Ukiizungusha kwa nguvu inaruka na kuula. Pata bisibisi yenye ncha ya JIS, na pata bisibisi ya kugonga, ile unayoipiga kwa nyundo nayo inajizungusha kidogo. Skrubu tisa kati ya kumi zilizoganda zitakubali kwa pigo moja zito.

Ile ya kumi uipake mafuta ya kulegezea kutu, uiache usiku, uigonge tena asubuhi. Mimi kwa kiburi nilikula kichwa cha skrubu moja ya kifuniko cha klachi, ikabidi nikitoboe kwa drili. Kifuniko kikatoka, nikashika kijiti kilichobaki kwa plaisi ya kujifunga kikazunguka kama hakijawahi kuganda. Zilipotoka zote nikaweka boliti za kichwa cha alen. Huo ndio uboreshaji wangu wa kwanza, na kila sevisi naukumbuka kwa shukrani.

Injini: je, inazunguka?

Usipande kiki. Toa plagi kwanza. Mimina vijiko viwili vya oili kwenye tundu la plagi, iache siku moja, kisha tia gia ya juu kabisa na usukume pikipiki mbele na nyuma taratibu. Gurudumu likizunguka na upepo ukatoka kwenye tundu, pistoni iko huru. Kama imeganda, ongeza oili nyembamba, subiri, tikisa tena. Ya mjomba ililegea siku ya nne, bila sauti, kama mlango uliofunguliwa na mtu wa ndani. Mtu anayerukia kiki ya injini iliyoganda huvunja meno ya shafti ya kiki, na hapo amejiongezea kazi ya kupasua injini nzima.

Ikishalegea, mwaga oili ya zamani. CG ina chujio la nyavu chini, na ina kitu kingine ambacho watu hukisahau: kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krankishafti, nyuma ya kifuniko cha upande wa klachi. Kikizunguka kinatupa uchafu ukutani na kuubakiza humo. Hakuna cha kubadilisha, ni kusafisha tu. Nilipofungua cha kwangu nilikuta matope meusi yameshikamana ukutani unene wa sarafu mbili, mazito kama lami, na niliyakwangua kwa kijiti cha mbao maana chuma kingekwaruza. Safisha kwa petroli kidogo na brashi ya meno, weka gasketi mpya, funga. Umemaliza kifuniko hicho, kikaze chote kabla hujaenda mbele.

Oili ya kuweka iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA kwenye kopo, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano. Kwenye gari ni faida. Kwenye klachi yako ni kuteleza.

Vali zipime injini ikiwa baridi kabisa. Fungua kifuniko cha juu, zungusha magneti, lile gurudumu la sumaku mwishoni mwa krankishafti, mpaka alama yake ya T (pistoni ikiwa juu kabisa) ilingane na alama ya krankikesi, halafu shika roka zote mbili, yaani vile vikono vinavyobonyeza vali. Zote zikicheza kidogo upo mahali sahihi. Moja ikiwa imebana, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Kwa CG nafasi ni milimita 0.08, ingizo na toleo sawa. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Kaza nati, kisha pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huibadilisha nafasi.

Silinda na pistoni sikuvigusa. Ilipowaka haikutoa moshi wa bluu, basi nifungue kutafuta nini? Ukikuta moshi wa bluu usiokoma hata injini ikipata moto, hapo ndipo utazungumza habari za ringi, au kuchonga silinda na kuweka pistoni iliyozidi kwa milimita 0.25. Wapo wanaodhani kuchonga kunaongeza nguvu. Piga hesabu: silinda ya CG ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni 49.5, yaani sisi 124. Ongeza robo milimita kwenye kipenyo, unapata 125 na kidogo. Umeongeza sisi moja.

Cheche, halafu mafuta

Vunja tatizo la kutowaka vipande viwili, kimoja kimoja. Cheche kwanza. Chomeka plagi kwenye kofia yake, ilaze chuma kwa chuma juu ya injini, mbali na tundu la plagi ili mvuke wa mafuta usilipuke usoni, piga kiki. Unataka cheche ya bluu yenye sauti. Ya njano iliyo hoi mara nyingi ni platini zilizoshika uchafu, yaani zile ncha mbili zinazogusana na kuachana ili cheche itoke. Zipitishe tupa nyembamba, zifute kwa kadi safi, weka nafasi kati ya milimita 0.3 na 0.4 zinapokuwa wazi kabisa. Plagi ya CG ni NGK D8EA, nafasi yake 0.6 hadi 0.7.

Sasa kabureta, na hapa usiharakishe.

Kabureta iliyolala na petroli ndani inageuka duka la gundi. Petroli hugeuka mvuke, kinachobaki ni utando wa rangi ya asali unaoziba vitundu ambavyo ukiviangalia kwa macho hata kabla havijaziba huvioni vizuri. Itoe, ifungulie juu ya sinia jeupe lenye kingo, ili kinachodondoka kisikimbie. Bakuli likitoka utaona boya. Sukuma pini yake kwa upande mmoja tu, maana mara nyingi ina upande wa kutokea, na nguzo zinazoishika ni za aluminiamu na hukatika. Chini ya boya kuna sindano ya kufunga mafuta. Itazame ncha: kama ina mfereji uliochimbika, badilisha, la sivyo kabureta itafurika daima.

Kuna jeti mbili, vipande vidogo vyenye kitundu kinachopima mafuta yanayopita. Kubwa inakuhudumia ukiwa barabarani. Ndogo inahudumia kuwasha na mngurumo wa pikipiki ikiwa imesimama, na ndiyo inayoziba mara zote. Kabla hujatoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko, andika namba, ndipo uitoe. Yangu ilikuwa mmoja na nusu. Bila namba hiyo utarudi kuanza kubahatisha.

Jeti ndogo ya mjomba niliielekeza kwenye taa nikaona giza. Nikailoweka usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta, asubuhi giza. Kishawishi ni kuchukua sindano ya kushonea, na sindano ya chuma itakipanua kile kitundu, baada ya hapo pikipiki itakunywa mafuta bila sababu unayoijua. Nilichukua waya wa umeme wa kawaida, nikauchuna, nikachagua unyuzi mmoja wa shaba, mlaini kuliko jeti yenyewe. Nikausukuma, nikauzungusha, nikapuliza, nikauingiza tena. Nilikaa hapo kama dakika arobaini. Halafu nikaielekeza tena kwenye taa, na katikati pakawa na nukta ya mwanga, duara kamili, ndogo kuliko punje ya chumvi. Nikamwita mke wangu aje aone. Aliangalia, akasema, "Ehe, baba, tundu," akarudi ndani.

Pulizia njia zote za kabureta kwa dawa ya mkebe, ukivaa miwani, kwa sababu dawa huingia tundu moja ikatokea jingine lililoelekea jicho lako. Weka gasketi na raba mpya, rudisha yote, funga kabureta mahali pake.

Tangi

Tangi lenye kutu ndani litaziba kabureta uliyoisafisha ndani ya wiki. Mwaga petroli ya zamani, toa koki, suuza kwa maji na sabuni ya vyombo. Ziba tundu la koki kwa raba na boliti. Jaza maji ya moto yenye asidi ya sitriki, gramu 100 kwa kila lita, acha siku nzima. Kutu ikiwa nene, tikisa na vitu vigumu ndani. Watu husema tumia nati. Niliingiza nati 30, zikatoka 29. Ile moja ilinichukua jioni mbili na sumaku iliyofungwa kwenye kamba. Tumia kipande cha cheni, utakivuta chote kwa mara moja.

Ukimwaga asidi, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuiua, kisha kausha upesi kwa upepo wa joto. Tangi tupu lililobaki na unyevu litashika kutu mpya mbele ya macho yako, kabla jua halijazama. Likikauka, mimina petroli na oili kidogo, likungute ili kuta zote zipate. Onyo moja: mashine ya upepo wa joto isikaribie tangi ambalo bado linanuka petroli. Na tangi lililotoboka lisichomelewe nyumbani hata kama limekaa tupu mwaka.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza sikufunga tangi. Nilining'iniza chupa ndogo ya petroli juu kidogo ya kabureta kwa mpira, nje, mahali wazi, maana moshi wa ekzosi huua kimya kimya kwenye chumba kilichofungwa. Choki juu, kiki tatu bila kufungua swichi ili oili ipande, kisha swichi. Iliwaka kwa kiki ya saba, ikazima. Ya nane ikashika, ikakohoa panya wa bandani wote kupitia ekzosi, yaani viota na mavumbi, ikatulia. Niliizima baada ya dakika mbili. Ukifika hapa utatamani kuiendesha. Haina breki bado.

Kinachoisimamisha na kuishika barabara

Breki za ngoma zifungue gurudumu moja moja. Vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kompresa: breki shu za miaka hiyo zilitengenezwa mara nyingi kwa asbesto, na hiyo ikiingia pafuni haitoki. Loweka kwa maji ya sabuni, futa, tupa kitambaa. Shu zikiwa zimelowa mafuta au zimebaki nyembamba, weka mpya. Kule kijiti cha kamu, kile kinachotanua shu, kinakopita kwenye sahani, paka grisi kidogo mno, ile ya joto kali. Ukifunga, vuta breki kwa nguvu gurudumu likizunguka, na ukiwa umeishikilia ndipo ukaze ekseli. Shu zinakaa katikati zenyewe.

Wakati gurudumu liko nje, ingiza kidole kwenye beringi uzungushe. Ukihisi mchanga, badilisha. Namba yake imeandikwa ubavuni, na beringi ya namba hiyo yenye raba pande zote mbili itaishi kuliko ile ya wazi iliyokuja nayo. Gonga ukingo wa nje peke yake unapoiingiza. Spoki zigonge moja moja kwa bisibisi: zilizokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya bati.

Tairi zinazeeka hata zikiwa na meno yote. Soma ubavuni baada ya herufi DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000. Ya nyuma ya mjomba ilikuwa na tatu, na mpira wake ulikuwa mgumu kama kwato. Tupa pamoja na tyubu yake.

Shingo: inua gurudumu la mbele, geuza usukani pole pole. Ukisita katikati kama unaingia kwenye kishimo, njia za gololi zimechimbika. Hapa ndipo naona uboreshaji wenye maana kuliko ekzosi za kelele: toa gololi, weka beringi za rola zenye umbo la pia. Kutoa gololi weka kitambaa chini, kwa sababu zitamwagika zote kwa mpigo. Shokapu za mbele zikivuja, badilisha sili na oili yake, kipimo sawa kila mguu. Ukizidisha mguu mmoja, miguu miwili haitafanya kazi sawa.

Cheni ya CG ni namba 428, na kila pingili yake ni milimita 12.7. Ivute inyooke, pima pingili 20. Ikiwa mpya ni 254. Ikifika 259 imeisha, na inapokwisha inakwenda na sproketi zote mbili, maana cheni mpya juu ya meno yaliyopinda kama mundu italiwa haraka.

Volti 6 kwenda 12

CG yangu ilitoka na umeme wa volti 6, na taa yake usiku ilikuwa ya kuombea dua. Hesabu yake ni hii. Balbu ya wati 35 kwenye volti 6 inavuta karibu ampea 6. Kwenye volti 12 inavuta karibu 3. Umeme unaopotea njiani kwenye waya unakua kwa mraba wa ampea, kwa hiyo ukipunguza ampea nusu, upotevu unashuka hadi robo. Waya ni zile zile, kutu kwenye viungo ni ile ile, lakini taa inang'aa.

Huwezi kuweka betri ya 12 tu ukaacha mengine. Nilichukua seti nzima ya CG ya volti 12: koili za ndani, magneti, boksi la CDI (kifaa cha elektroniki kinachotoa cheche bila platini), koili ya plagi na regyuleta, kidhibiti cha volti. Kwa hatua hiyo platini zikaondoka, na sijasafisha platini tena. Kabla ya kulipa, jaribisha magneti kwenye shafti yako: ule umbo wa pia na kile kifunguo kidogo lazima vikae bila kucheza. Magneti hutolewa kwa pula yake ya nyuzi. Nyundo hupinda shafti na hulegeza sumaku.

Halafu balbu zote, honi, flasha ya indiketa na betri. Mimi nilijiona nimemaliza, nikawasha, nikapiga resi, na taa ndogo ya frii, inayoonyesha haiko kwenye gia, ikafanya kama kamera, mwangaza mmoja mkali, basi. Ilikuwa ya volti 6, nimeisahau. Andika orodha ya kila kinachowaka kabla hujaanza.

Kuhusu LED: kioo cha taa kilichobuniwa kwa balbu ya waya mara nyingi hutawanya mwanga wa LED hovyo. Simamisha pikipiki mbele ya ukuta usiku. Kama huoni mpaka ulionyooka kati ya mwanga na giza, unawapofusha wanaokuja, rudisha halojeni. Indiketa za LED zinavuta umeme kidogo mno, flasha ya zamani itazipepesa kama macho ya mlevi, tafuta ya elektroniki. Weka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri. Safisha kila ethi, pale waya inapofungwa kwenye chuma cha fremu, mpaka chuma cheupe. Pima kwa maltimita: betri iliyoshiba ikipumzika ni 12.6 na zaidi, na ukipiga resi isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikivuka 15 zima, regyuleta ina kasoro au ethi yake haijashika.

Rangi

Kwa ufupi. Tangi na vifuniko tu. Fremu yangu niliipaka brashi sehemu zenye kutu, ikatosha. Msasa 180 kwenye kutu, 320, praima, 600 na maji, kisha rangi ya mkebe tabaka nyembamba nne au tano ukiacha dakika kumi kati yake. Tabaka nene hutiririka. Rangi zile za kuchanganya na hadena zina isosianati, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kawaida haizuii. Mpelekee mwenye chumba na vifaa. Kromu yenye kutu ya juu isugue kwa karatasi ya aluminiamu iliyoloweshwa maji, utashangaa.

Kilomita za kwanza

Siku ya kwanza nenda kilomita tano, rudi, pitia kila boliti kwa spana: za injini kwenye fremu, ekseli, usukani, shokapu. Yangu ilikuwa imelegeza boliti mbili za ekzosi. Cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati. Kufika kilomita 300 mwaga oili, itatoka na uchafu wa miaka iliyokuwa imelala, na urudie vali.

Kisha soma plagi. Endesha kwa mwendo wa kawaida kilomita kadhaa, zima swichi huku umebana klachi, simama, itoe. Kahawia ya udongo mkavu ni sawa. Nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Nyeupe, mafuta hayatoshi na injini inajichoma. Yangu ilitoka nyeupe kidogo. Nikafungua juu ya kabureta, nikahamisha kibanio cha sindano ndefu inayopandishwa na akseleta (si ile ya boya) mtaro mmoja kushuka, ili sindano ipande na mafuta yaongezeke, nikafunga, nikaenda tena kilomita kumi. Ikatoka kahawia. Nikaifunga kwa mkono mpaka igote, nikaongeza robo mzunguko kwa spana, nikaingiza pikipiki ndani.